Safari ya meli ya kitalii: anza kwa kuhesabu saa za nchi kavu

Wengi wanaopanga safari ya meli ya kitalii huanza na meli yenyewe: ina mabwawa mangapi ya kuogelea, ukumbi wa maonyesho ukoje, chakula ni cha aina gani. Hayo yana uzito wake, hasa ukisafiri na watoto. Lakini meli nzuri haikusaidii kitu ukifika mbele ya mji ulioutamani miaka yote kisha ukakuta una saa mbili tu za kuuona. Ushauri wangu wote hapa unasimama juu ya jambo moja: hesabu saa utakazokuwa nchi kavu, kisha mambo mengine yote yapange kwa kuzifuata saa hizo. Safari mbili za siku saba, kwa nauli inayokaribiana, zinaweza kutofautiana kabisa kwa muda zinaokupa mijini.

Hatua ya 1: Eneo na majira

Bahari ya Mediterania hupitiwa na meli nyingi kuanzia Aprili hadi Oktoba. Julai na Agosti kuna joto kali na umati mkubwa. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe achukue Mei au mwisho wa Septemba, na hasa kama kuna mzee au mtoto mdogo kwenye msafara. Alaska ni Mei hadi Septemba. Norwe hupendeza zaidi wakati wa kiangazi, mchana ukiwa mrefu kupita kiasi.

Karibi meli zipo mwaka mzima, ila msimu wa vimbunga rasmi ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na nauli za miezi hiyo hushuka. Kinachotokea kwa kawaida si meli kuingia katikati ya kimbunga. Nahodha huona hali ya hewa mapema na kubadili njia. Kwa hiyo unachohatarisha ni ratiba: ulilipia visiwa vya mashariki, ukapelekwa vya magharibi. Kama kuna kisiwa kimoja ambacho ndicho sababu ya safari yako, usikifuate Septemba.

Antaktika ni Novemba hadi Machi, na huko ukubwa wa meli unaamua kila kitu. Nchi za Mkataba wa Antaktika zimekubaliana kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe watu, na kwamba wasizidi abiria 100 nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja. Meli kubwa itakupitisha tu uangalie barafu kutoka sitahani. Anayetaka kukanyaga theluji lazima atafute meli ndogo, na meli ndogo ni ghali.

Hatua ya 2: Isome ratiba kama unavyosoma mkataba

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Kampuni za meli huandika jina la mji maarufu kwa herufi kubwa, na bandari halisi huiweka pembeni kwa herufi ndogo. “Roma” ni Civitavecchia, yapata saa nzima kwa treni. “Florence” ni Livorno, kama saa moja na nusu. “Paris” ni Le Havre, karibu kilomita 200. “Berlin” ni Warnemünde, na kutoka hapo ni kama saa tatu kwenda na tatu kurudi. “Bangkok” mara nyingi ni Laem Chabang, saa mbili hivi barabara ikiwa haina msongamano. “London” yaweza kuwa Southampton au Dover.

Venice inahitaji uangalifu wa pekee. Tangu Agosti 2021 Italia imezuia meli zinazozidi tani 25,000 kupita Mfereji wa Giudecca, mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko. Meli kubwa sasa hupelekwa Marghera, Trieste, au hata Ravenna, ambako ni zaidi ya saa mbili kwa barabara. Ukiona neno Venice kwenye tangazo, uliza gati lenyewe liko wapi kabla hujalipa.

Sasa hesabu. Tuchukue siku ya Roma, ratiba ikisema 07:00 hadi 19:00, yaani saa moja asubuhi hadi saa moja usiku. Ukiitazama haraka unaona saa 12. Anza kupunguza. Meli ikishafunga gati, maofisa wa bandari hupitia makaratasi yake kwanza ndipo abiria waruhusiwe kushuka. Weka nusu saa. Foleni ya kushuka, basi la kukutoa ndani ya bandari, kisha kufika stesheni, weka saa moja. Kusubiri treni na safari yenyewe, saa moja na nusu. Unaingia Roma saa nne asubuhi.

Kurudi nako kuna hesabu yake. Mwisho wa kupanda meli huwa nusu saa kabla ya kuondoka, mara nyingine saa nzima, kwa hiyo tuseme saa kumi na mbili na nusu jioni. Mimi ningetaka niwe langoni mwa bandari saa kumi na moja, ili treni moja ikifutwa kuwe na nyingine ya kunifikisha. Maana yake ni kuondoka Roma saa tisa na nusu alasiri. Zile saa 12 zimebaki tano na nusu. Zinatosha kuingia Koloseo, ule uwanja wa michezo wa kale, na kutembea katikati ya mji, au zinatosha Makumbusho ya Vatikani na Kanisa la Mtakatifu Petro. Hazitoshi vyote viwili, na anayejaribu vyote viwili hushinda siku nzima akitazama saa.

Fanya hesabu hiyo kwa kila bandari iliyo kwenye ratiba, kwa karatasi na kalamu, kabla ya kulipa hata malipo ya awali. Makaratasi ya meli hutumia saa 24, hivyo ziandike upya kwa saa zetu. Mtu akichoka, 17:00 hugeuka saa saba kichwani mwake bila yeye kujua.

Kuna mambo mengine matatu ya kuangalia kwenye ratiba hiyo hiyo.

La kwanza ni kama meli itafunga gati au itatia nanga nje. Inapotia nanga, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na foleni ya boti inaweza kukula saa nzima asubuhi na nyingine jioni. Santorini na Grand Cayman ni bandari za namna hiyo. Upepo ukizidi, boti haziwezi kushushwa salama, na bandari hiyo inarukwa. Ratiba yenye bandari nyingi za kutia nanga ina uwezekano mkubwa zaidi wa kubadilika, na pia ni ngumu kwa anayetumia kiti cha magurudumu.

La pili ni siku ya juma. Makumbusho ya Uffizi huko Florence hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Louvre huko Paris hufungwa Jumanne. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Kampuni ya meli haibadilishi siku kwa ajili ya makumbusho.

La tatu ni bandari ambazo meli inalala. Usiku mmoja gatini ni zawadi kubwa: unaona mji jioni, unakula huko, hukimbizani na saa. Nikipewa safari mbili zinazofanana, moja ikiwa na usiku wa namna hiyo, sihitaji kufikiri mara mbili.

Hatua ya 3: Pasipoti na viza, kabla ya kulipa

Kampuni nyingi zinataka pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita baada ya siku safari inapokwisha. Hilo ni jepesi. Gumu ni viza, kwa sababu meli inavuka mipaka kila usiku nawe umelala.

Chukua safari inayoanza Italia, ikapita Split huko Kroatia, ikafika Kotor, kisha Corfu huko Ugiriki, na kurudi Italia. Italia, Kroatia (iliyoingia Schengen tarehe 1 Januari 2023) na Ugiriki zote ziko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Kotor iko Montenegro, nje ya eneo hilo. Ukishuka Kotor umetoka Schengen, na Corfu ni kuingia mara ya pili. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu amekwama. Vivyo hivyo kwa meli inayoondoka bandari ya Marekani kwenda visiwani na kurudi palepale: unatoka na kuingia tena, kwa hiyo viza yako lazima iruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Usijifariji kwamba bandari fulani hutashuka. Baadhi ya nchi hudai viza kwa kila aliye melini, na kampuni ndiyo inayoamua kwenye meza ya kupokea abiria. Asiyekuwa na karatasi kamili huachwa nchi kavu, na nauli yake kwa kawaida hairudi. Andika orodha ya nchi zote kwa mpangilio wa ratiba, ulizia masharti kwenye ubalozi wa kila moja kwa pasipoti unayoshika wewe, kisha iulize kampuni ya meli kwa maandishi na utunze jibu lake.

Cheti cha homa ya manjano nacho kinaweza kudaiwa kulingana na ulikotoka na unakopita. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote.

Mjamzito aulize mapema. Kampuni nyingi hazimpokei atakayefikisha wiki ya 24 kabla safari haijaisha. Watoto wachanga nao wana umri wa chini, mara nyingi miezi sita, na mwaka mmoja kwa safari za kuvuka bahari kuu.

Hatua ya 4: Bei kamili si ile ya kwenye tangazo

Nauli kwa kawaida hubeba chumba, chakula cha migahawa ya kawaida, maonyesho ya jioni na usafiri wenyewe. Nje yake kuna vinywaji, intaneti, migahawa maalumu, picha, ziara za bandarini, na bakshishi ya wahudumu ambayo kampuni nyingi hukata moja kwa moja kwa kila mtu kwa kila usiku, watoto wakiwemo. Ongeza ndege, hoteli ya usiku wa kwanza, viza, bima na nauli za treni au teksi bandarini. Baadhi ya nchi zina tozo zake pia. Ugiriki, tangu Julai 2025, inatoza abiria wa meli wanaotembelea Santorini na Mykonos euro 20 kwa kichwa katika miezi ya kilele.

Bei hutangazwa kwa mtu mmoja kwa sharti la kulala wawili chumbani. Anayesafiri peke yake anaweza kudaiwa karibu mara mbili, isipokuwa meli yenye vyumba vya mtu mmoja.

Melini hutumii fedha taslimu. Unapewa kadi ya chumba, na kila ununuzi unaandikwa humo. Ukiiunganisha na kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, kampuni huweza kuzuia kiasi fulani kila siku kama dhamana, na fedha hizo zikachukua siku kadhaa kuachiwa hata baada ya kushuka. Watu wamejikuta bandarini na akaunti isiyotoa kitu ilhali pesa wanazo. Uliza kama unaweza kuweka amana ya taslimu mapokezi; meli nyingi zinakubali.

Bima isiwe jambo la kufikiria mwishoni. Zahanati ya melini hutoza kila huduma, na mgonjwa mahututi huenda akahitaji kutolewa kwa helikopta au kulazwa nchi ya kigeni. Hakikisha bima inataja waziwazi usafirishaji wa dharura wa mgonjwa kutoka baharini, na pia kuchelewa kwa ndege kunakosababisha kuikosa meli.

Hatua ya 5: Chumba

Ukiogopa kuchafukwa na roho, chukua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Huko mtikisiko ni mdogo kuliko omo au tezi, na kuliko sitaha za juu ambako vyumba ni ghali zaidi. Fungua ramani ya sitaha uone kilicho juu na chini yako. Chini ya sitaha ya bwawa utasikia viti vikiburutwa alfajiri. Juu ya ukumbi wa muziki hutalala mapema.

Chumba kisicho na dirisha ni cha bei nafuu na kina giza la kutosha kulala vizuri. Kama safari ni ya bandari nyingi na utakuwa nje mchana kutwa, sioni hasara yake. Fjodi za Norwe (ghuba nyembamba katikati ya milima) au barafu za Alaska ni habari nyingine. Huko roshani inajilipa, kwa sababu mandhari yenyewe inapita mbele ya mlango wako. Angalia tu isiwe imeandikwa kwamba mwonekano umezibwa, maana maboti ya uokoaji hukaa mbele ya baadhi ya vyumba.

Hatua ya 6: Fika siku moja kabla

Meli haisubiri ndege. Ukipanga kutua asubuhi na kupanda meli mchana, kuchelewa kwa saa tatu kunatosha kuivunja safari yote, na kuifuata meli bandari ya pili kunahitaji tiketi mpya na pengine viza nyingine. Lipa usiku mmoja wa hoteli. Pia uliza umbali kutoka uwanja wa ndege hadi gati lenyewe, si hadi “mjini”. Bandari kubwa kama Barcelona au Southampton zina magati kadhaa ya abiria.

Hatua ya 7: Amua utaendaje kila bandari

Una njia tatu: ziara inayouzwa na meli, ziara ya wakala wa nje, au miguu yako mwenyewe. Hakuna iliyo bora kila mahali. Kanuni ninayoifuata ni umbali. Mahali pa kuonea pakiwa mbali na gati, nalipia ziara ya meli, kwa sababu ziara hiyo ikichelewa barabarani, meli huisubiri au kampuni huwafikisha abiria wake bandari inayofuata kwa gharama yake. Ulikwenda peke yako ukachelewa, meli inaondoka. Warnemünde kwenda Berlin, Le Havre kwenda Paris: hapo ningelipia utulivu wa moyo.

Mji ukiwa karibu, ziara ya meli ni fedha inayopotea. Kotor, ukuta wa mji mkongwe uko ng'ambo ya barabara kutoka gatini. Shuka, vuka, ingia. Naples, gati liko mjini, na treni ya Circumvesuviana hufika magofu ya Pompeii kwa dakika 40 hivi. Dubrovnik, bandari ya Gruž iko kama kilomita tatu kutoka mji mkongwe, na kuna mabasi ya kawaida. Piraeus imeunganishwa na Athens kwa metro.

Santorini inastahili maelezo zaidi kwa sababu ndiyo inayowashangaza wengi. Boti inakushusha bandari ya zamani, chini kabisa ya jabali, na mji wa Fira uko juu kileleni. Kuna njia tatu za kupanda: gari la waya, ngazi karibu 600, au kupandishwa na punda. Siku zenye meli kadhaa, foleni ya gari la waya huzidi saa moja, na ile ya kushuka jioni ni mbaya zaidi, kwa kuwa kila mtu anashuka kwa wakati mmoja. Wenye magoti mazuri hushuka kwa ngazi, zenye utelezi na zenye punda. Panda mapema, na anza kushuka saa mbili kamili kabla ya boti ya mwisho. Punda wabebeshwe mizigo yao. Mimi nisingempanda mnyama huyo juani kwenye ngazi zile.

Bandari nyingi huchapisha kalenda ya meli kwenye intaneti, kwa hiyo unaweza kujua mtakuwa meli ngapi siku hiyo. Mkiwa nyingi, geuza mpangilio wako: nenda kwanza mahali pa mbali, uache katikati ya mji kwa alasiri, wakati watu wa ziara wameanza kurudi.

Ukitumia wakala wa nje, chagua anayerudisha fedha zote kama meli haitafika. Mkataba wa abiria humpa nahodha haki ya kuruka bandari yoyote kwa usalama, na kampuni hapo hurudisha ada za bandari tu, kiasi kidogo.

Hatua ya 8: Mzigo

Mabegi makubwa unawapa wapagazi gatini yakiwa na lebo ya chumba, na yanaweza kukufikia jioni. Kwa hiyo begi la mkononi libebe pasipoti, dawa zote, chaja, nguo ya kubadilisha na ya kuogelea. Dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari.

Pasi ya nguo, birika la umeme, mishumaa na nyaya za kuongezea umeme zenye kinga ya mshtuko huchukuliwa mlangoni. Meli inaogopa moto kuliko kitu kingine chochote. Kwa kuchafukwa na roho, vidonge vinafanya kazi zaidi ukimeza kabla ya mawimbi, si baada ya kuanza kutapika. Tangawizi husaidia wengi, na kusimama sitahani ukitazama upeo wa macho pia. Mwenye mzio wa chakula au miiko ya dini aiarifu kampuni wiki kadhaa kabla, kisha amkumbushe mkuu wa wahudumu usiku wa kwanza.

Hatua ya 9: Siku ya kupanda

Fika katika saa uliyopangiwa. Kabla ya kitu kingine, nenda kituo chako cha kukusanyikia kwa dharura na ufanye zoezi la usalama. Usilikwepe. Januari 2012, meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio na watu 32 wakafa, abiria waliopanda jioni ileile walikuwa hawajafanya zoezi lolote, maana sheria ya wakati huo iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Leo ni lazima lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Ishara ya dharura ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Tembea mwenyewe kwa ngazi kutoka chumbani hadi kituoni, mara moja, ukiwa na watoto wako, ili miguu iijue njia.

Kisha iweke simu kwenye hali ya ndege. Baharini simu hujiunga na mtandao wa setilaiti wa meli, na gharama zake kwa dakika chache zinaweza kukuumiza. Ukihitaji intaneti, nunua kifurushi cha meli na uunganishe kwa waifai. Mara nyingi ukinunua kabla ya safari ni nafuu.

Nawa mikono kwa sabuni na maji kila kabla ya kula. Virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha melini, havimalizwi na vitakasa mikono vya alkoholi.

Hatua ya 10: Siku yenyewe ya bandari

Usiku uliotangulia, karatasi ya ratiba ya kesho huletwa chumbani au huonekana kwenye programu ya meli. Soma vitu vitatu: saa ya mwisho ya kupanda, jina la gati, na namba ya simu ya wakala wa meli katika bandari hiyo. Piga picha ukurasa huo. Wakala huyo ndiye mtu wa kumpigia ukichelewa au ukiugua, na meli ikiondoka bila wewe, mara nyingi pasipoti yako huachwa kwake kama ilikuwa imebaki chumbani.

Vaa saa ya mkononi iliyowekwa kwenye saa ya meli. Meli haibadilishi saa kila bandari, lakini simu yako hujibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu, na tofauti ya saa moja ndiyo inayowaacha watu gatini wakiitazama meli ikienda.

Beba kadi ya chumba, kitambulisho chenye picha, nakala ya pasipoti (au pasipoti yenyewe pale nchi inapodai), maji, kadi ya benki na fedha kidogo za nchi hiyo. Acha matunda na vyakula vibichi melini. Australia na New Zealand hukagua mizigo kwa mbwa wa kunusa na hutoza faini, hata kwa tunda moja lililosahaulika kwenye mkoba.

Ukitoka langoni, geuka utazame ulikotoka, upige picha lango na jina lake. Madereva wa teksi wa mlangoni hutoza zaidi. Mara nyingi kutembea mtaa mmoja au miwili kunashusha nauli. Kubalianeni bei kabla ya kuingia, na usilipe safari ya kurudi mapema isipokuwa unamwamini dereva. Mahali palipo mbali patembelee kwanza, kisha rudi taratibu kuelekea bandarini, chakula na manunuzi ukiyafanyia karibu na meli.

Usijaze kila saa. Chagua kitu kimoja cha lazima kwa kila mji, na kingine cha hiari. Kama bandari tano zimefuatana, moja bakia melini asubuhi wakati wengine wote wameshuka. Bwawa na maktaba vitakuwa vyako, na kesho yake utashuka ukiwa na nguvu.

Siku ya kushuka

Usiku wa mwisho mabegi huwekwa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane, kwa hiyo bakiza nguo na viatu vya asubuhi, dawa na pasipoti. Pitia hesabu ya chumba usiku huohuo kwenye programu au televisheni. Ukikuta kosa, foleni ya mapokezi ni fupi saa tano usiku kuliko saa moja asubuhi. Ukiweza kubeba mizigo yako yote mwenyewe, omba kushuka na kundi la kwanza. Na tiketi ya ndege ya kurudi isiwe kabla ya saa sita mchana, au saa nane kama uwanja wa ndege uko mbali na bandari, kwa sababu ukungu au ukaguzi wa uhamiaji unaweza kuchelewesha kushuka kwa saa kadhaa.